Ruhusa ya Kumbusu Mama

Wiki iliyopita mliniacha mtaroni, gurudumu la mbele limepinda, na mkuu wa timu yangu akinipita bila hata kunitupia jicho. Nilitoka. Anayetaka kujua nilitokaje, nilitoka kwa mikono na magoti, na hapo sina zaidi la kusema.

Kwa aliyechelewa kuanza nasi: mimi ni Firmin Kestelyn, mwana wa mjane wa Elsbeke, kijiji cha Flandria. Niliishi miaka sita kwa kuendesha baiskeli za mashindano, na katika miaka hiyo sita sikushinda hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Unarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, unasokomeza chupa mgongoni na kifuani mpaka unafanana na mja mzito, kisha unakanyaga kwenda mbele kuwagawia wakubwa.

Mwenye timu alikuwa bwana mmoja wa kiwanda cha mazulia. Baada ya ule mtaro aliniita mezani kwake, mbele ya wenzangu wote wakila viazi.

"Kestelyn," alisema, "msimu ujao sina nafasi ya mtu ambaye jina lake halijawahi kutoka gazetini."

Zilikuwa zimebaki siku mbili za mashindano. Siku mbili, na mimi sikuwa na kazi nyingine ninayoijua chini ya jua.

Leo nawasimulia siku ya nne. Nimewahi kuisimulia mara moja tu, kwa padri, na hata yeye sikumwambia yote.

*

Njia ya siku ile ilipita mbele ya mlango wa mama yangu.

"Utaomba?" Marnix aliniuliza. Marnix tulilala naye chumba kimoja miaka sita, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Niombe nini?"

"Acha kujifanya. Ruhusa, bwana! Wote tunajua leo tunapita kwenu."

Kwetu ni hivi. Mbio zikipita kijijini kwa mtu, anamwendea mzee wa msafara na kuomba kutangulia. Akipewa, anakwenda mbele peke yake, anawabusu watu wake, anaweka mguu chini, anawasubiri wenzake wafike. Wao hawamfukuzi. Yeye hawakimbii. Tena wengi hutumia nafasi hiyo kushuka na kukojoa kwa raha, kwa kuwa kila mtu anajua hakuna atakayechomoka ghafla kuwaacha wengine. Haijaandikwa popote. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuivunja.

Mzee wa msafara mwaka ule alikuwa Noël Terrijn. Timu yake nyingine, lakini sote tulikuwa chini yake. Pua yake ilikuwa imevunjika mara tatu, na akikohoa tu, watu mia na ishirini walipunguza mwendo.

Nilimsogelea ubavuni zikiwa zimebaki kilomita arobaini.

"Mzee, naomba ruhusa."

"Ya kwenda wapi?"

"Elsbeke. Kwa Mama."

"Ohoo, yule mama mkali! Bado anaoka ile keki ya wali?"

"Anaoka, mzee."

"Basi niletee kipande. Ukinipokea mikono mitupu nakutupa mtaroni, na mtaro wewe unaujua."

Kundi zima likacheka. Mimi pia nikacheka, maana ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na mimi zizi langu lilikuwa kilomita kumi na tatu tu mbele.

Noël akaacha kucheka kwanza.

"Mguu chini, Firmin."

"Mguu chini, mzee."

"Apa."

"Naapa kwa mama yangu."

"Haya, nenda."

Nilipochomoka, Marnix akapaza sauti nyuma yangu: "Jamani, tazameni! Mbeba maji leo anakwenda kunywa!"

Niligeuka mara moja. Walikuwa wameshaanza kushuka, mmoja mmoja, wakijipanga kando ya shamba la viazi, migongo kwangu.

*

Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na meza. Juu yake kitambaa cheupe, keki nzima na kisu pembeni. Kiti cha Mama kilikuwapo. Mama hakuwapo.

Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Nilifunga breki. Nikaweka mguu wa kushoto chini. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililikumbuka mno baadaye.

Jirani yetu Zulma alinijia akiwa ameuziba mdomo wake kwa aproni.

"Mama yuko wapi?"

"Shuka kwanza, mwanangu."

"Zulma, Mama yuko wapi?"

"Moyo. Asubuhi, wakati anatandika hiki kitambaa. Alianguka hapahapa. Wamempeleka hospitali ya masista, mjini Oudenaarde."

"Yu hai?"

"Alikuwa hai wakimpakia. Alikuwa anawagombeza. Alisema keki isiguswe na mtu mpaka wewe ufike."

Oudenaarde. Mbio zilikuwa zinaishia Oudenaarde. Kilomita ishirini na saba.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimejitetea kwa jambo hili miaka mingi. Ningesubiri dakika tatu, Noël angefika. Ningemwambia, "Mzee, Mama yuko hospitali." Yule mtu angenipisha hadi mlangoni. Namjua. Angenisindikiza mwenyewe, na mtu yeyote asingethubutu kutupita.

Dakika tatu. Sikuzisubiri.

"Firmin!" Zulma aliita nikiwa nimeshakaa juu ya tandiko. "Keki!"

Sikugeuka.

*

Mwisho wa Elsbeke kuna kanisa dogo la Bikira, kando kabisa ya barabara, halitoshi hata watu wanne. Tangu utotoni sijalipita bila ishara ya msalaba.

Siku ile nilifanya ishara na nikaweka nadhiri. Nilisema kwa sauti: "Mama wa Mungu, nifikishe kwa mama yangu akiwa hai. Nitashuka mlangoni pa hospitali. Wengine wote wapite."

Nilimaanisha. Mungu ni shahidi, nilimaanisha kabisa.

Ikaja pikipiki ya yule bwana mwenye ubao wa chaki, anayewaonyesha waendeshaji wamepishana muda gani. Akaugeuza ubao nione.

Dakika tatu na sekunde kumi.

Akanikonyeza.

Nikatazama mbele. Nikaanza kusali, Salamu Maria moja kwa kila mizunguko kumi ya pedali. Dakika chache baadaye nikasikia honi. Gari la timu. Meneja wetu Achiel alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani.

"Kestelyn! Umepatwa na wazimu? Huku nyuma wanaapiza! Si ulipewa ruhusa ya kusalimia?"

"Mama hayupo nyumbani! Moyo umemwangusha! Yuko hospitali!"

"Hospitali gani?"

"Ya masista! Oudenaarde!"

Achiel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na kazi ya kulinda, kama mimi. Nilimwona akiwaza, na nilimwona alipomaliza kuwaza.

"Basi njia ni moja," alisema.

"Nitashuka hospitalini, Achiel."

"Sawa, shuka. Nani amekukataza? Lakini huko kufika, fika haraka." Kisha akaongeza, kana kwamba limemtoka tu: "Bosi yuko kwenye mstari wa mwisho. Amekuja na waandishi."

Gari likarudi nyuma. Maneno yakabaki nami.

*

Sasa nasema lile ambalo padri sikumwambia.

Nilianza na "Mama apone." Nilikuwa nalisema mwisho wa kila Salamu Maria. Kwenye barabara ya mawe niliendelea kulisema, meno yakigongana. Upepo ulikuwa wa ubavuni, mapaja yalikuwa yanawaka moto, na mimi nasema Mama apone, Mama apone.

Nilipokipita kinu cha upepo nilijisikia nasema, "Wasinifikie."

Sijui maneno yalibadilika lini. Nimerudi kwenye barabara ile kwa miguu, mtu mzima, nikitafuta mahali palepale. Sijapaona.

Pikipiki ikaja tena. Dakika moja na hamsini.

"Wamekasirika!" yule bwana wa ubao alinipigia kelele. "Terrijn analivuta kundi mwenyewe! Haombi msaada wa mtu!"

"Mwambie Mama yangu..."

"Mimi kazi yangu ni ubao, ndugu!"

Akatoweka. Nikajiambia: si niliweka mguu chini? Noël alisema mguu chini. Mguu wangu ulikuwa chini mbele ya nyumba ya mama yangu, na Zulma aliuona. Hakuna aliyesema uwe chini kwa muda gani.

Ndivyo anavyosema mtu aliyekwisha kuanguka. Anatafuta jiwe la kulilaumu.

*

Hospitali ya masista ni jengo la matofali mekundu, mkono wa kulia, mita mia tisa kabla ya mstari. Niliiona tangu mbali. Wagonjwa walikuwa wametolewa nje kwa viti vyao, mablanketi magotini. Masista wamesimama ngazini, weupe kama mashuka.

Pikipiki ikanipita kwa mara ya mwisho. Dakika moja na sekunde tano.

Nilishika breki. Msinione kama mtu ambaye hakuishika. Vidole viwili vilikuwa juu ya breki.

"Mita mia tisa!" Achiel alikuwa anagonga mlango wa gari kwa kiganja. "Mita mia tisa, Kestelyn! Miaka sita kwa mita mia tisa!"

Nikajiambia: dakika mbili. Nafika, nageuza, narudi. Dakika mbili ni nini kwa mgonjwa? Mama hatajua.

Sista mmoja alikuwa ameshuka hadi ngazi ya mwisho, amenyoosha mikono yote miwili mbele, kama anayepokea mtoto kwenye ubatizo. Nikadhani ananishangilia.

Nikaachia breki.

*

Nilishinda.

Nilikuwa nimeiota siku hiyo miaka sita, na katika ndoto palikuwa na kelele. Hapakuwa na kelele. Watu wa Flandria wanajua baiskeli kuliko wanavyojua katekisimu, na redio ilikuwa imewaeleza kila kitu. Mzee mmoja kwenye kizuizi alinitazama, akatia mikono yake mifukoni.

Bosi wa mazulia yeye alinibusu mashavu yote mawili.

"Sasa unalo jina!" alisema. "Unalo jina, mwanangu!"

Wakanipa maua. Sekunde hamsini baada yangu kundi likaingia. Noël Terrijn hakukimbilia hata nafasi ya pili. Alikuja taratibu, akasimama mbele yangu hadi gurudumu lake likagusa langu.

Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige.

"Keki yangu iko wapi?" aliuliza.

"Mzee, nisikilize. Mama yangu ni mgonjwa. Nilimkuta ameshapelekwa hospitali."

"Hospitali ipi?"

"Hii ya masista."

"Hii tuliyoipita sasa hivi?"

"Ndiyo, mzee."

"Hii uliyoipita wewe, una dakika nzima mkononi?"

Nikayatazama maua.

"Ungesimama pale, Firmin," alisema polepole, "ningekuvulia kofia mbele ya watu wote hawa. Ningewasimamisha wote mia na ishirini tukungoje." Akautazama mkono wangu wenye maua. "Uliapa kwa nani vile?"

Nikainamisha kichwa.

"Kesho utaendesha peke yako. Pancha ni yako, upepo ni wako, kiu ni yako."

Nilimtafuta Marnix kwa macho. Marnix, mwenye mdomo usio na breki, alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwangu. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

*

Nilirudi zile mita mia tisa kwa baiskeli, maua mkononi. Zilikuwa ndefu kuliko zile kilomita ishirini na saba.

Niliiegemeza baiskeli ukutani, nikaingia. Viatu vya mbio vina chuma chini, vinalia juu ya vigae kama kwato. Kila mgonjwa aligeuka. Mwisho wa ukumbi alisimama sista yuleyule wa ngazini. Jina lake, nilikuja kujua, Sista Bertilla.

"Wewe ni Firmin," alisema. Hakuuliza.

"Yu hai, Sista?"

"Yu hai."

Niliuegemea ukuta. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikalia, wala sikuona haya.

"Tulimsogezea kitanda dirishani," Sista aliendelea. "Tulimwekea na redio, kwa sababu alitishia kutembea kwa miguu hadi Elsbeke. Redio ikasema Kestelyn yuko mbele peke yake, tena kwa ruhusa, na kwamba ameapa kwa mama yake. Akaniambia, 'Sista, acha mlango wazi, na mtu mmoja ateremke akampokee baiskeli yake. Mwanangu ameapa. Atashuka hapa.'"

Akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nikateremka mimi."

Nikaikumbuka ile mikono iliyonyooshwa. Maua yakanitoka kiganjani, yakaanguka chini. Hakuna aliyeyaokota.

"Naomba nimwone, Sista."

"Orofa ya kwanza, chumba cha mwisho. Lakini mlango umefungwa."

"Daktari yumo?"

"Hapana. Ulipopita, aliniomba niufunge."

*

Nilipanda ngazi nikikaribia kutambaa kwa magoti. Nilibisha.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mama, nyembamba, lakini yake.

"Ni mimi, Mama. Firmin."

Nilisikia redio ikizimwa.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukubusu, Mama."

"Ruhusa umepewa na nani?"

Niliweka paji la uso juu ya ubao wa mlango. "Na Noël Terrijn."

"Ile ilikuwa ya mchana. Ile umeshaitumia." Akapumua. Nilihesabu pumzi zake. Zilikuwa zinakuja kwa shida. "Baba yako alikufa hana kitu. Aliniachia nyumba yenye paa linalovuja na jina ambalo kila mtu kijijini alilikopesha unga bila kuandika. Wewe leo umelipeleka wapi?"

"Nilitaka kubaki na kazi yangu, Mama. Wangenifukuza."

"Najua. Ungerudi nyumbani tungelima viazi."

"Mama, nifungulie. Tafadhali."

"Kesho saa mbili asubuhi wananipeleka Gent kunipasua kifua," alisema. "Daktari mwenyewe hajui kama nitarudi. Kwa hiyo sikiliza, sitasema mara mbili. Mlango huu sikufungulii wewe. Nenda kamlete yule uliyemwapia kwa jina langu. Akisimama hapo ulipo na kuniambia amekusamehe, nitafungua kwa mkono wangu."

"Hatakuja, Mama! Huyo mtu hataki hata kuniona!"

"Basi uniombee huko huko barabarani."

Nilibisha tena. Nikabisha tena. Nilimjua vya kutosha kufahamu kwamba hatafungua.

Nikashuka. Saa ya ukumbini ilionyesha saa kumi na mbili kasorobo. Maua yalikuwa bado chini kwenye vigae, nikayaruka.

Nje, Sista Bertilla alikuwa ameitoa baiskeli yangu ukutani. Alikuwa ameishika usukani kwa mikono yote miwili, ngazi ya mwisho, mahali palepale.

"Hoteli ya kina Terrijn iko uwanja wa soko," alisema. "Lakini fanya haraka. Nimetoka kusikia redioni. Amejitoa kwenye mashindano kwa sababu yako, kwa kuwa ruhusa aliitoa yeye, na gari lake linaondoka sasa hivi."